Gesi Iliyoonekana Kutulia

Siku moja haijapata kunitoka moyoni, mwanangu. Miaka ya tisini ilikuwa ikielekea kwisha, nami nimerudi kijijini kwetu Ekerenyo likizoni kutoka chuo kikuu, kichwa kimejaa fizikia. Nikamsimulia Magokoro, bibi yangu mzaa baba, habari za wataalamu wa ng'ambo waliopoza gesi hadi karibu na mwisho kabisa wa baridi, atomi zake zikawa kama kitu kimoja. Kwa sumaku, nikamwambia, waweza kubadilisha zinavyovutana au kusukumana. Ukienda polepole, gesi inakufuata. Ukibadilisha ghafla, inatikisika, na atomi nyingine zinaruka nje.

"Na ukirudisha sumaku palepale?" akauliza.

"Utaiona kama imetulia, lakini joto limeshaingia. Hairudi ilivyokuwa."

Mwezi huohuo mtoto wa jirani alifariki, na matangani mtu akatamka kwamba Magokoro ni mchawi. Kesho yake wanawake wa risaga, lile kundi la kulimiana kwa zamu alilokuwamo tangu aolewe, hawakutokea shambani kwake. Vijana wakaanza kutaja kiberiti. Niliogopa sana, maana tulijua wazee wengine waliosingiziwa uchawi walivyochomwa moto nyumbani mwao.

Chifu akaitisha baraza. Yule aliyemwita mchawi akayakana maneno yake, watu wakapeana mikono. Wiki iliyofuata risaga ikaja, ikapalilia migomba yote. Nami, kijana wa watu, nikafurahi.

"Yameisha, Magokoro."

Hakucheka. Akaniita jikoni, akaniambia nifunue sufuria. Uji wa wimbi aliowapikia wanawake wa risaga ulikuwa umejaa vilevile. Kila mmoja alisema ameshiba.

"Wewe ndiye uliyenifundisha habari ya ile gesi," akasema, "na wewe ndiye wa kwanza kusahau. Kimya kingi kina mshindo mkuu."

Kila zamu yake alipika sufuria ileile kubwa, kisha akawamwagia ng'ombe. Alikufa kabla ya mwaka kwisha, amekonda, na mpaka leo nina hasira. Majirani walewale walilia sana mazishini. Sijui walikuwa wakilia nini.

Mwanangu, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Ukiwa na shaka na mwenzako, mwendee kwake, keti, muulize taratibu. Usiimwage shaka hiyo mbele ya watu waliofiwa. Baraza laweza kurudisha salamu, lakini halimlazimishi mtu kula kwako. Mungu akupe ulimi mzito, na uzeeke ukiwa na watu wa kula nao.