Mistari Mitatu ya Binti wa Nyundo

Mtaani walimwita Nyundo, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Alikuwa fundi bodi: gari lililopondeka likipita mikononi mwake, hulijui tena. Kutwa aligonga mabati, na akifika nyumbani hakuacha kugonga. Mkewe alishavunjwa mkono. Jirani alishang'olewa meno, eti redio ina kelele. Na ukimkuta ametulia na chai yake, weee, ungesema huyu ndiye mtu wa watu!

Siku ya kikao cha wazazi akaenda shuleni kwa binti yake. Mwalimu alikuwa amebandika shairi la binti ukutani, na wazazi wanalisoma, wanamtazama Nyundo, kisha wanatazama viatu vyao. Akasogea, akasoma:

Mlango umefunguka.
Vijiko vyote
vimenyamaza.

"Ndiyo basi?" akamgeukia mwalimu. "Vina viko wapi? Mizani je? Hata ubeti mmoja haujatimia!"

Mwalimu akalinyooshea shairi kidole. "Lisome tena, mzee."

Akalisoma tena. Hakuelewa kitu, ila alijua amevuliwa nguo mbele za watu. Jioni akambana binti jikoni amweleze maana. Binti kimya. Kofi la kwanza, kimya. La pili likampasua mdomo, damu ikachuruzika hadi kwenye kola ya sare. Mama alipoingilia kati, akarushwa juu ya masufuria. Ushenzi mtupu, na mimi sitautafutia jina zuri.

Asubuhi akaja shangazi wa mtoto, dada mkubwa wa Nyundo, mtu pekee duniani ambaye Nyundo alimwogopa.

"Namchukua mtoto. Hapa utaua."

"Dada, ameniaibisha! Na shairi lenyewe halina vina!"

"Hebu lisome, mwanangu," shangazi akasema.

Binti akalisema kwa mdomo uliovimba. Shangazi akajikalia sakafuni pale pale.

"Hee! Huyu si baba yetu? Akiingia tu, sisi tunaacha kutafuna."

Nyundo naye alikuwapo mezani pale, mtoto mdogo. Alikumbuka chakula kikiwa shavuni, anaogopa hata kukimeza, masikio yakisikiliza viatu vya baba vinaelekea upande gani. Shairi halikumtaja baba. Halikutaja ngumi wala damu. Vijiko tu, na nyumba nzima imejaa hofu mpaka darini. Angeongeza nini hapo? Vina vya nini? Aliyeandika vile alikuwa amekaa mezani akisikiliza, mwaka baada ya mwaka, na aliyeufungua mlango ule ni yeye, Nyundo.

Akaketi kwenye kigoda, akalia. Akalia kwa sauti, makamasi na yote.

"Ni zuri, mama," akamwambia binti. "Linaniua, lakini ni zuri. Usiende. Naapa sitakugusa tena."

Mkoba ulikuwa tayari begani kwa binti.

"Na nikienda, baba?"

Basi. Nyundo alikuwa bado analia, tena kila alichoapa alikiapa kwa moyo wake wote, lakini mkono wa kulia ulikuwa umeshakunja ngumi wenyewe, bila hata kumuuliza. Aliiona. Binti naye aliiona, akarudi nyuma hatua moja.

Nyundo akaisukuma ngumi ile chini ya paja, akaikalia kwa uzito wake wote.

"Wachukue, dada. Yeye na mama yake," akasema. "Tokeni sasa hivi, kabla sijasimama."