Kitanda cha Mtoto Nilichonunua Nyawera

Nilikuwa na mwezi mmoja tu Bukavu. Mume wangu, dereva wa lori la shamba la kahawa, alinitoa kwetu Mwenga, akanipangia chumba, kisha akawa halali nyumbani wiki mbili, tatu. Majirani walizungumza Kishi, mimi Kilega. Tulisalimiana kwa Kiswahili, basi. Siku nyingine jua lilizama sijasikia sauti yangu mwenyewe.

Jumamosi moja nilikwenda soko la Nyawera, upande walipouza vitu vya Wazungu waliorudi kwao. Kati ya taa mbovu na sahani zilizopasuka nikaona kitanda cha mtoto mchanga, mbao ngumu, vijiti vya upande mmoja vimevunjika. Nikawaza kukigeuza benchi, maana tulikuwa na kiti kimoja tu.

"Maman, mutoto iko na miezi ngapi?" muuzaji aliniuliza.

Ningeweza kusema sina mtoto. Badala yake nikajibu, "Mwezi moja."

"Mwanaume?"

"Mwanamuke."

Akafurahi, akakifuta vumbi kitanda. Nilikibeba kichwani, nikitabasamu njia nzima. Sikujua kwamba jirani yangu mmoja alikuwa nyuma yangu, amesikia yote.

Kesho yake, baada ya misa, wanawake wanne walisimama mlangoni na sabuni, kitambaa na chungu cha uji.

"Tulikuja kuona mutoto," jirani alisema.

"Mutoto hakuna."

"Analala?"

"Hakuna, mama. Nilisema uongo."

Waliondoka mmoja mmoja. Mwenye uji alikuwa amekwisha kuutua chini, akainama, akauchukua.

Wiki ile niliazima msumeno. Nilikata miguu ya kile kitanda, nikapigilia vijiti vizima viwe mgongo wa kuegemea, nikaliweka benchi nje ya mlango. Mume wangu aliporudi alilisifia, akalala, akaondoka. Miezi ikapita sijaona mtu mwingine akilikalia.

Kisha siku moja yule jirani akaketi pale na mzigo wake wa sombe, majani ya muhogo, bila hodi.

"Mimi nilizika wawili," alisema. "Na wewe?"

"Sijapata hata moja."

Alinisukumia fungu la majani, tukachambua mpaka yakaisha.

Baada ya hapo alikuja mara chache. Wale wengine hawakurudi, nami sikuwalaumu.