Engozi ya Kuanikia Kahawa

Mwanangu anayeishi Dar es Salaam hunipigia simu akiwa kwenye foleni. Ananiambia magari hayasogei, kwamba angeshuka akatembea angekuwa ameshafika kazini, lakini hashuki. "Sasa hivi tutasogea, baba," anasema. Foleni naijua. Niliikalia siku moja tu, tena huku huku Karagwe, nayo inanitosha.

Mwaka wa vita, mwishoni mwa miaka ya sabini, magari machache tuliyokuwa nayo yalichukuliwa na jeshi, na petroli ikabaki kuwa habari ya kusikia. Hapo ndipo wanaume wa mlima wetu, Chonyonyo, walipokifufua chama cha engozi. Engozi ni machela yetu ya kusuka kwa fito na kamba, yenye miti miwili mirefu ya kuwekea mabegani. Akizidiwa mtu, linapigwa yowe, tunakuja mbio, tunambeba wanne wanne kwa kupokezana, tunakata bondeni hadi hospitali. Hakuna aliyeuliza mgonjwa ni Mkatoliki au Mlutheri, mwenyeji au mtu aliyetoka Rwanda. Asiyeitika alitozwa debe la rubisi, pombe yetu ya ndizi, na sisi Walutheri tuliinywa faini hiyo vizuri tu, msituone hivi.

Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa chama. Na mimi ndiye niliyekiua.

Miaka ya themanini ikielekea ukingoni, mfanyabiashara mmoja wa kahawa wa pale kwetu alinunua pikapu. Mgonjwa wa kwanza kupanda alifika hospitali kabla hatujamaliza kusimulia, na mimi nikajitia ujuaji. Kwenye mkutano nje ya kanisa nilisimama nikasema sisi si punda, zama za kubebana zimepita, engozi ni aibu. Vijana wakapiga makofi. Mzee wetu wa chama, aliyekuwa na sugu begani kama kisigino, aliuliza jambo moja tu.

"Hilo gari likishindwa kupita, mtafanyaje?"

"Mzee, magari yatakuja mengi," nikamjibu. "Likishindwa hili litapita lile." Watu wakacheka. Mzee akachukua fimbo yake akaenda zake.

Engozi nilipewa mimi niitunze. Niliitandaza uani kwangu, nikawa naanikia kahawa. Ile miti miwili niliegemezea migomba iliyokuwa inalemewa na mikungu.

Basi magari yakaja kweli. Mwaka wakimbizi wa Rwanda walipovuka mto kuingia kwetu, barabara yetu ya vumbi, ambayo zamani mbuzi alilala katikati hadi jioni, ilijaa malori ya mahindi na maharage, matangi ya maji, na magari meupe yenye antena ndefu. Watoto waliacha hata kuyakimbilia. Sikuwahi kuota magari mengi hivyo.

Mke wangu alishikwa na uchungu alfajiri moja ya masika. Huyo angekuwa mtoto wetu wa tatu. Mama yangu alimtazama, akanivuta pembeni, akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe. Nikaenda kuita pikapu. Saa mbili asubuhi tulikuwa barabarani, mke wangu amelala nyuma kwenye godoro, mama amempakata kichwa, mimi nimesimama nimeshika bomba. Saa tatu tukafika kwenye mteremko wa utelezi. Lori lilikuwa limekwama kimshazari katikati ya njia, na malori yamejipanga mkia mbele yetu. Dakika kumi hazikupita, mengine yakajipanga nyuma. Hata kugeuza haikuwezekana.

Nyuma ya lori lililotutangulia waliandika kwa rangi nyekundu: HARAKA YA NINI. Niliyasoma maneno hayo hadi macho yakauma. Mpaka leo nikifumba macho nayaona, hata ile N iliyochubuka.

Wenye mashamba ya jirani walikuja na majembe yao kutazama. Mwanaume mmoja akachungulia ndani ya pikapu, akasema, "Huyu si wa kukaa hapa. Tukikata bondeni, kwa mwendo wa saa mbili tumefika. Engozi yenu iko wapi?"

Engozi yetu ilikuwa nyumbani, imejaa kahawa.

"Basi leteni blanketi," akasema, "tukate miti hapa, tuko wengi." Na mke wangu aliyasikia, akainua kichwa. "Nishusheni," akasema. "Baba watoto, nishushe nibebwe."

Ningemshusha. Ilikuwa ni kufungua komeo la nyuma tu. Lakini niliyatazama yale magari meupe, nikawatazama wale watu na matope yao, nikaona aibu. Ndiyo, aibu. Mimi niliyesema sisi si punda, nimbebe mke wangu kwenye blanketi mbele ya watu wote wale? Na wakati huo huo dereva akawasha injini, tukasogea hatua tatu. "Umeona?" nikamwambia mke wangu. "Tunasogea. Subiri kidogo, sasa hivi tutatoka."

Tulisogea hatua tatu tatu hadi saa tisa alasiri. Wale wanaume walingoja, wakachoka, wakarudi shambani. Mke wangu aliita mara ya pili, na ya tatu, halafu hakuita.

Hospitali mkunga alimpokea mbio. Alipotoka aliniambia mzazi amepona, mtoto amefariki. Alikuwa wa kike. "Mngemleta asubuhi," akasema, na mimi nikaitikia, "Ndiyo, sista." Sikulia. Mwili wote ulikufa ganzi kama mguu uliokaliwa. Kesho yake barabara ilikuwa bado imeziba, tukamzika kwenye makaburi ya hospitali, nikasawazisha udongo kwa jembe la kuazima, nikalirudisha likiwa limeoshwa.

Baada ya siku kumi na mbili mke wangu alipewa ruhusa. Nikaja na pikapu kumchukua, barabara sasa nyeupe kabisa. Mke wangu alimsalimia dereva, akamshukuru, akajifunga kanga kiunoni, akaishika njia ya bondeni. Nilimwita, hakugeuka. Nikabeba sufuria na mkeka, nikamfuata.

Alitembea polepole, wiki mbili hazijatimia tangu ajifungue. Alipumzika mara tatu, mara moja kwenye daraja la magogo palipo na mafunjo, akanawa uso. Tulipoingia uani, wanafunzi walikuwa bado hawajatoka shule.

Alisimama mbele ya engozi yenye kahawa, akaitazama.

"Tumeondoka saa ngapi?" akauliza.

"Saa tatu."

"Na sasa?"

Nilitazama saa yangu ya mkononi, ingawa jibu nilikuwa nalo. "Saa sita haijafika."

Akatikisa kichwa. Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo, na ningeomba ingekuwa nayo.

"Kumbe si mbali," akasema, akaingia ndani.