Mfuko Wenye Zipu

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alifagia ofisi ya misitu miaka thelathini na mmoja. Sihitaji kuhesabu kwa vidole, maana alianza kazi wiki ile ile niliyojifungua kifungua mimba wangu. Jina lake la utani ni Ghala. Wafagiaji wengine hukusanya takataka wakachoma. Yeye kila mbegu iliyoanguka chini ya miti ya asili aliichambua, akaikausha juu ya gunia, akaichanganya na majivu kuzuia fukusi, kisha akaitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Mninga, mkwaju, mkongo wenye mbegu nyeusi zilizovaa kofia ya rangi ya chungwa. Juu ya kopo alibandika jina na mwaka. Herufi zake zinalala kama zina homa, lakini zinasomeka.

"Unamwekea nani?" nilimuuliza zamani.

"Kilima, wifi. Kipara chake kinanitia aibu."

Kilima chenyewe ni cha serikali, nyuma ya ofisi. Kiliungua, kikapandwa miti ya kigeni, nayo ikakauka imesimama.

Mwaka juzi wifi akaja kwangu mbio, kandambili moja mguuni, nyingine mkononi. Bwana misitu, mzee mwenzetu anayengoja kustaafu, alikuwa amemwambia chumba cha makopo kifungwe mwisho wa mwezi, vitu vyote vitupwe.

"Makopo mia mbili na kumi, wifi. Ila anasema kuna watu wanatoa mfuko kwa ajili ya mbegu. Fomu hii hapa. Wewe ndiye msomi."

Hapo hakukosea. Nilimaliza darasa la saba, na kwa mwandiko nilikuwa wa pili shule nzima. Nikavaa miwani, nikajaza kwa kalamu ya wino.

*Taja ukubwa wa mfuko unaoombwa.* Nikaandika: wa kilo hamsini, wenye zipu, usiotobolewa na panya.

*Eleza matumizi ya mfuko.* Kubebea mbegu kilimani.

*Je, mmewahi kupata mfuko kutoka kwingine?* Ndiyo, wa sukari. Umechanika.

Siku nne kabla ya chumba kufungwa, akafika mkaguzi wa hao watu wa mfuko, mama mnene wa miwani mikubwa. Akatuamkia vizuri, akatutazama, akauma mdomo.

"Ni nyinyi mlioandika ile fomu? Tumeibandika ukutani ofisini."

"Ni mwandiko," nikamwambia. "Watu wengi huusifu."

Akakohoa kwenye leso muda mrefu. Kisha akawa wa kazi. "Mama, mbegu nyingine hapa zina miaka kumi na mmoja. Zikiwa zimekufa, sina la kuwasaidia. Nitajuaje kama ni nzima?"

Wifi akaleta beseni la maji, akamwambia, "Chagua kopo."

Mkaguzi, mjanja yule, akachagua la chini kabisa, lenye kutu. Mkongo. Mbegu nzima huzama, kapi huelea. Hilo hata mimi nalijua. Wifi akamimina. Zikazunguka juu ya maji, zote. Nikamshika wifi kiuno. Kisha moja ikashuka, tk. Ya pili, tk. Halafu zikaporomoka pamoja kama watoto wa shule kengele ikilia. Zilibaki tatu juu.

Wifi akachukua fagio akacheza nalo kuanzia mlangoni hadi dirishani, mwanamke wa miaka sitini na tatu, na bwana misitu akampigia ndoo. Mkaguzi alicheka akakaa chini sakafuni. Akiwa huko chini ndipo akatueleza: mfuko ni hela za kutunza chumba, kununua rafu na kuwalipa watu wapande kilima.

"Kwa hiyo mlikuwa mnatoa hela?" wifi akauliza.

"Ndiyo, mama. Na mmepata."

"Mfuko wa zipu hamna?"

Kisha wifi akanigeukia. "Wa pili kwa mwandiko."

"Mwandiko haukukosea," nikamwambia. "Swali ndilo halikueleweka."

Mvua za kwanza tulipanda kilimani wanawake kumi na wawili. Wifi alitangulia na mfuko mpya mgongoni, wa kilo hamsini, wenye zipu, zawadi ya mkaguzi mwenyewe. Hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Leo mikongo inamfikia magotini, naye akipita huiuliza imelalaje.

Juzi ililetwa fomu ya mwaka huu. Nimeijaza mimi, nani mwingine? Penye ukubwa wa mfuko nimeandika hela, kama wanavyotaka. Ila chini yake nimeongeza, kwa herufi ndogo nzuri: zipu ya ule wa kwanza imekwama.