Ndoo ya Mama Kalenga

Wiki iliyopita Mama Kalenga aliletwa kwenye kituo cha afya ninapofanya kazi, hapa Kolwezi, akiwa na kidonda mguuni. Hakunikumbuka. Mimi nilimkumbuka, jirani yetu wa utotoni mwangu, aking'oa mahindi yetu na kutuita wageni wa Kasai, ati turudi mkoani kwetu.

Alasiri moja ya miaka ile aliugua malaria, na mama akanituma nimpelekee maji. Niliitemea ndoo mate. Mama aliniona, akayamwaga maji yote. Vumbi jekundu likanukia mvua.

"Rudia kuchota."

"Mama, unamuogopa?"

"Leo uko na mate tu. Siku utakuwa na nguvu, utamufanya nini?"

Nilidhani ni woga. Wiki iliyopita nilikiosha kile kidonda polepole, nikisali kimoyomoyo, maana vidole vyangu vilitaka kubonyeza mpaka apige kelele.