Ukuta wa Mama Domitila

"Hata Baroma baliachaka milango, mama," alisema Pitchou, ndoo mbili mkononi, jasho linamtiririka. "Weye umejenga ukuta bila hata tundu."

Mama Domitila aliacha kuanua nguo. "Waroma wamekukosea nini?"

Hapo ndipo ugomvi ulipokolea. Pitchou ni Mkongo wa Likasi, mlokole. Mama Domitila ni Mchaga, misa haimpiti, na kwetu Tanzania Mroma ni Mkatoliki, basi. Akaona ametukanwa yeye, paroko na Papa kwa pamoja.

Nyumba yetu huku ugenini, Bellevue, imekatwakatwa vyumba kama kreti la soda. Mama Domitila anakaa mbele, kwenye bomba. Pitchou na mimi nyuma. Tangu aujenge ule ukuta kati yetu, maji tunayafuata kwa kuzunguka mtaa mzima, mpaka kwenye robot, taa za barabarani, na kurudi. Na chanzo ni beseni. Pitchou aliazima beseni la bluu la mama aloweke miguu baada ya zamu, likakaa miezi minne. Mama akasema, mkono usiorudisha usivuke.

Pitchou analinda geti la shule. Mwalimu mmoja alimpa kitabu cha historia kisicho na jalada, naye anakisoma kama wengine wasomavyo Injili. Ukimwuliza habari za asubuhi, atakupa za Hadriani, mfalme wa Warumi, na ukuta wake kule Uingereza, toka bahari hadi bahari. Anawapenda wale askari: watu wa mbali, wengine wa Siria, wamesimamishwa kwenye baridi walinde mlango usio wao. "Kuna barua, askari ametumiwa soksi na chupi mbili," husema, akitazama soksi zake zilizotoboka.

Nikaona niingilie, maana ndoo yangu nayo ilikuwa tupu. "Mama Domitila, anasema Warumi. Wale wa Pilato, si wa parokia."

"Waliomsulubisha Bwana?"

"Hao hao."

"Ndio anifananishe nao?"

Pitchou akatua ndoo. "Mama, sikiliza. Ule ukuta haukuwa wa kufunga watu tu. Kila maili mlango, na askari anaona nani anapita, amebeba nini. Hata ushuru anaweza kutoza. Ukuta bila mlango hauoni kitu. Mimi nikipitisha beseni huku nyuma, utajuaje?"

Alimpata. Kujua nani kabeba nini ndiyo kazi aipendayo Mama Domitila kuliko kula. Jumamosi fundi alibomoa matofali, akaweka mlango, na mama mwenyewe akaketi pale na kigoda chake.

Wa kwanza kufika ni Pitchou.

"Ushuru," akasema mama.

Pitchou akatoa beseni mgongoni. Mama akaligeuza, akaliinua juani. Ufa toka ukingoni hadi katikati, umezibwa kwa plastiki iliyoyeyushwa.

"Nililikalia, mama," Pitchou akasema chinichini. "Ndiyo maana nilishindwa kulileta."

Mama alimtazama, akautazama ufa, akavuta kigoda pembeni.

"Pita, Mrumi."