Taya Nililolizika Old Kampala

Juzi, kwenye kabati la kioo la makumbusho, niliona taya la kamongo lililogeuka jiwe, nikayatambua meno yake.

Nilipokuwa mtoto, mama alikuwa akimfanyia usafi mtafiti mmoja Old Kampala. Alasiri moja nilimfuata kazini. Chumba kilinuka vumbi na spiriti, na ndoo ya mama ilisikika ikigonga ngazi. Mezani palikuwa na taya jeusi, meno yake yameshikana kuwa vibamba viwili vyenye matuta. Baba hakuwa amerudi kutoka vitani, nami sikujua meno ya mtu yakikaa udongoni hugeuka nini. Nililificha ndani ya sweta, nikalifukia nyuma ya nyumba, nikaliombea.

“Umegusa kitu mezani?” mama aliniuliza baadaye.

“Hapana, mama.”

Alifukuzwa kazi jioni ileile.

Sasa najua lile taya lilikuwa la samaki, kamongo, ingawa wataalamu wanasema kiukoo yuko karibu zaidi nasi kuliko na samaki wengine kama ngege. Nilipotoka makumbusho nilimpigia mama simu, nikamweleza yote.

“Nilijua ni wewe,” akasema. “Ila nilidhani ulilipoteza ukichezea. Kumbe ulikuwa unamzika baba yako.”